Jirani Akikwambia Uuze

(Muziki wa kufungua. Ushuke polepole. Mtangazaji aanze.)

Leo sina mgeni hapa studioni. Nimekuja na barua zenu tu, kwa sababu kuna swali moja ambalo limejaa kwenye sanduku letu kushinda la chakula, kushinda la mahema, na kushinda hata lile la magari ya kwenda Kiryandongo.

Barua moja inasema hivi: "Mtangazaji, jirani yangu wa kule nyumbani amenipigia simu. Anasema shamba langu ana mtu wa kulinunua, na ni heri niuze sasa kwa sababu hata nikirudi sitakaa. Nina ekari mbili na nusu. Nifanye nini?"

Nyingine imeandikwa na mama ambaye mume wake alitoka kambini asubuhi akaenda Busia "kuona mtu", akarudi jioni bila kusema neno. Baada ya siku mbili mama akagundua kwamba hati ya shamba haiko tena kwenye begi.

Sitataja kabila la mtu yeyote katika kipindi hiki. Barua hizi zimetoka kwa watu wa sehemu tofauti, na majirani wanaotajwa ndani yake pia ni wa kila upande. Ukitaka kusikia nani alimfanyia nani nini, mahali pake si hapa. Leo tunazungumza juu ya nyumba na shamba ulilokimbia, na mtu anayetaka uliuze kabla hujapumua.

Kwanza tuangalie simu yenyewe. Wewe unajua tangu Januari tumekaa vipi. Unakaa kwenye hema, mtoto ana homa, ada ya shule haipo, na laini yako ya Kenya inashika mtandao ukikaribia mpaka tu. Ukifika Malaba simu inaanza kulia. Anayepiga hatukani. Anakuuliza watoto wako kwa majina. Halafu anasema, "Mambo huku bado ni mabaya. Vijana wamesema hawataki kuona mtu. Mimi kama rafiki yako nakutafutia mnunuzi." Bei anayotaja ni ya hasara. Mwandishi wa ile barua ya kwanza anasema kabla ya uchaguzi ekari moja kwao ilipita laki moja na nusu. Sasa anaambiwa elfu arobaini, na pesa zitaletwa mpaka Busia, asijisumbue kusafiri.

Huyo anayepiga anaweza kuwa mtu mwema kweli. Wengine wetu tuko hai leo kwa sababu jirani alitufungia kwenye ghala lake usiku ule mmoja, na mimi sitakubali mtu aseme majirani wote ni kitu kimoja. Lakini hata jirani mwema anaweza kuwa ametumwa. Anaweza pia kuwa anaogopa, kwa sababu yeye amebaki pale na anaambiwa awasiliane nawe. Na yuko yule ambaye tangu Januari analima shamba lako, ng'ombe wake wanalala kwenye boma lako, na anataka karatasi ya kuhalalisha alichokwisha kuchukua. Kwa simu, wote watatu wana sauti moja. Kwa hiyo usikate shauri kwa kuangalia moyo wa anayepiga. Angalia anachoomba.

Na mara nyingi anaomba nini? Kopi ya kitambulisho chako, namba yako ya PIN, picha mbili ndogo, hati ya shamba, na sahihi yako kwenye fomu ambayo haijajazwa. Anakwambia ni "za kuanzishia tu". Msikilizaji, hivyo ndivyo vitu vinavyotakiwa katika kuhamisha shamba kutoka jina lako kwenda jina la mwingine. Ukishaviweka mkononi mwa dalali kule Busia, umebakiza nini? Elfu kumi ya kwanza aliyokupa kwa M-Pesa ukanunua unga na dawa.

Sasa nisemee hii haraka. Dalali husema, "Usipouza mwaka huu shamba litapotea lenyewe, anayelima ndiye mwenye mali." Huo si ukweli. Sheria ya Kenya ya ukomo wa mashtaka inasema mtu aliyekaa kwenye shamba la mwenzake waziwazi, mfululizo, bila ruhusa ya mwenyewe, kwa miaka 12, anaweza kwenda mahakamani kudai liwe lake. Miaka 12. Sisi tumetoka nyumbani miezi michache tu. Kwa hiyo unao muda, ingawa si wa kulala. Anayetaka kukata hesabu hiyo ya miaka anaweza kumpa mtu ruhusa kwa maandishi alime kwa kodi, hata kama kodi ni ndogo. Akishakaa kwa ruhusa yako hawezi kusema alikaa bila ruhusa.

Jambo lingine wanalotumia kututisha ni hati zilizoungua. Wengi hapa nyumba ziliteketea na kila kitu ndani yake. Unaambiwa, "Huna karatasi, huna shamba, chukua hiki kidogo ushukuru." Hapana. Hati iliyokuwa sandukuni mwako ni nakala ya kilichoandikwa kwenye daftari la ofisi ya ardhi ya wilaya. Nyumba ikiungua, daftari liko palepale. Mwenye hati iliyopotea huandikisha taarifa polisi, huapa kiapo kwa maandishi, huomba kwa msajili wa ardhi, tangazo hutolewa kwenye gazeti rasmi la serikali, na baada ya siku 60 kama hakuna mtu aliyepinga hupewa nyingine. Ni kazi ndefu kwa mtu aliye kwenye hema, sikatai. Lakini ni tofauti sana na kupotelewa na shamba.

Ukiwa na namba ya shamba, mtu yeyote unayemwamini aliye Kenya anaweza kwenda ofisi ya ardhi, akalipa ada, na kufanya upekuzi, ile watu wanaita sachi. Ataletewa karatasi inayoonyesha jina la mwenye shamba ni nani kwa tarehe hiyo. Fanya hivyo kabla hujaanza kulia. Na kama una wasiwasi mtu anataka kuhamisha kwa udanganyifu, msajili ana uwezo wa kuweka zuio kwenye daftari. Mke mwenye haki katika shamba naye anaweza kuomba iwekwe koshoni, ili lisiuzwe bila yeye kujulishwa. Mama uliyeandika ile barua ya pili, hapo ndipo pa kuanzia, na usingoje mume wako afungue mdomo.

Najua wengine hawana hati kabisa. Shamba lilinunuliwa kupitia kampuni au chama, na walichonacho ni cheti cha hisa na risiti. Wewe hali yako ni ngumu zaidi, kwa sababu jina lako liko kwenye orodha ya kampuni na huenda halijafika kwenye daftari la serikali. Tunza hiyo risiti kama mtoto. Kama iliungua, andika sasa hivi, ukiwa bado unakumbuka, namba ya hisa, mwaka ulionunua, majina ya waliopakana nawe kila upande, na mashahidi waliokuona ukilipa.

(Muziki mfupi. Sekunde kumi.)

Tuendelee. Labda umesikia yote haya na bado unasema, "Mimi nimeshaamua. Sirudi pale." Sitakuhukumu. Kuna mtu aliyeona kitu ambacho macho hayatasahau, na hakuna sheria inayomlazimisha kwenda kulala tena mita hamsini kutoka kwa aliyekitenda. Serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani mwezi wa Mei, ikaahidi shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Wako waliorudi wakajenga. Wako waliofika shambani wakageuka siku hiyohiyo. Kuuza ni haki yako sawasawa na kutouza. Neno langu ni kwamba uuze kama mwenye mali, si kama mtu anayeokota kilichoanguka.

Sheria ya Kenya inataka mauziano ya ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote, na sahihi zishuhudiwe. Maneno ya simu hayatoshi. Kukabidhiana pesa nyuma ya kibanda cha kubadilishia fedha pia hakutoshi. Shamba la kilimo lina hatua nyingine, nayo ni bodi ya ardhi. Maombi yanapelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila kibali cha bodi, mkataba huo ni bure mbele ya sheria, na hata kukodisha au kubadilishana shamba kwa shamba kunahitaji kibali hicho. Ploti iliyo ndani ya manispaa haipitii huko, lakini shamba la kijijini linapitia.

Watu wengi wanaona bodi ni usumbufu. Kwa mkimbizi, mimi naiona ni ukuta mzuri. Bodi kwa kawaida hutaka kuwaona muuzaji na mnunuzi, na huuliza mke yuko wapi na watoto watakaa wapi. Mnunuzi anayekwambia "bodi niachie mimi, nina watu wangu" amekwambia tabia yake yote kwa sentensi moja.

Tafuta wakili wako mwenyewe. Wakili aliyeletwa na mnunuzi ni wa mnunuzi, hata akikununulia soda. Pesa zipite benki, si mfukoni. Kutoka Busia mpaka hapa ni safari, na aliyekulipa taslimu anajua umebeba kiasi gani na umepanda boda boda ya nani. Hati ya asili isitoke mkononi mwako kwa sababu ya malipo ya kwanza. Fomu isiyojazwa usiitie sahihi hata kama anayekuomba ni shemeji yako. Na ukimwandikia mtu barua ya kukuwakilisha, iseme wazi anaruhusiwa kufanya nini na hawezi kufanya nini. Umwandikie nani? Si jirani anayetaka kununua. Nashangaa kwamba inabidi niseme hivyo, lakini barua mbili wiki hii zilikuwa za watu waliofanya hivyohivyo.

Kuhusu kuvuka. Watu wananiuliza kama kuuza shamba kunakuondolea ukimbizi. Kuuza mali peke yake hakukuondolei. Lakini kuvuka mpaka kwenda na kurudi kimya kimya kunaweza kukuletea maswali, na pia kunaweza kukuweka mikononi mwa watu usiowajua. Kabla ya kwenda, zungumza na maofisa wa UNHCR au wa Ofisi ya Waziri Mkuu hapa kambini. Mweleze mtu wa familia unaenda kukutana na nani, wapi, na saa ngapi utarudi. Kutania upande wa Uganda, mahali penye watu, mchana, ni bora kuliko kuitwa ng'ambo jioni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halikuulizwa na mtu hata mmoja, na linanisumbua. Tuseme umepata mnunuzi mwingine kabisa, mtu wa mbali, pengine wa kabila lako mwenyewe, pengine kijana wa hapahapa Busia aliyeweka akiba ya biashara yake ya samaki. Anafurahia bei. Anakuuliza, "Majirani wako vipi?" Utamjibu nini?

Wengine watasema hiyo si kazi ya muuzaji, mnunuzi afungue macho mwenyewe. Mimi nasema mwambie. Mwambie kuna kijana aliyekata ua mwezi wa Januari. Mwambie kuna mgogoro wa mpaka upande wa mto, na kwamba kuna mtu analima bila ruhusa. Bei itashuka, ndiyo. Labda ataghairi. Lakini ukinyamaza, yule kijana wa samaki ataleta mke na watoto kulala mahali ambapo wewe mwenyewe umekataa kulala, na hatakuwa na hata ile tahadhari uliyokuwa nayo wewe. Sisi tunajua usiku ule ulivyokuwa. Hatuwezi kumuuzia mtu mwingine usiku ule tukaita ni ploti. Na tena kwa faida yako: aliyefichwa kitu atakutafuta, atakupeleka mahakamani, na pesa utakuwa umeshakula.

Kaburi nalo. Wengi wetu tumewazika wazazi shambani. Mkataba unaweza kuandika kwamba sehemu ya makaburi haiuzwi, au kwamba familia itaruhusiwa kufika. Usiliache kwa maneno ya mdomo. Na kama shamba bado liko kwa jina la marehemu, baba au mume, hakuna mtu anayeweza kuliuza mpaka mahakama itoe barua za mirathi na kuzithibitisha. Shemeji anayekuja kwa mjane na kusema "tia kidole hapa tumalize" anakosea mbele ya sheria. Mama, usitie kidole.

(Mtangazaji apumue. Bila muziki.)

Wakati mwingine tunadhani haya yametupata sisi peke yetu. Ukienda Tororo mjini, angalia yale maduka ya zamani yenye baraza mbele. Mengi yalijengwa na Wahindi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa siku 90 watoke Uganda. Waliondoka na masanduku, nyumba zikachukuliwa, zikawekwa chini ya bodi ya serikali ya kusimamia mali zao. Mwaka 1982 Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kurudisha mali hizo, na kwenye miaka ya 1990 wengi walioomba walirudishiwa majumba yao. Ni karibu miaka ishirini ya kungoja, na si kila mtu aliishi kuona. Lakini aliyeomba alihitaji kuonyesha kwamba mali ilikuwa yake.

Mbali zaidi, huko Bosnia, vita viliwatoa watu majumbani kwa sababu ya kabila na dini, na wengine walitia sahihi za kuuza wakiwa wameshikiwa bunduki ili waruhusiwe kuondoka. Mapatano ya amani ya Dayton ya mwaka 1995 yaliandika kwamba uhamisho wa mali uliofanywa kwa kulazimishwa usitambuliwe. Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ulipata kanuni juu ya haki ya wakimbizi kurudishiwa nyumba na mali, zinazoitwa kanuni za Pinheiro. Kanuni si polisi, haziji kukurudishia shamba. Hata kwa sheria ya Kenya, mkataba wa kulazimishwa unaweza kutenguliwa mahakamani, lakini wewe ndiwe utakayeulizwa ushahidi. Ndiyo maana nasema: jirani akikutishia, andika tarehe, namba ya simu, na maneno aliyosema. Ujumbe wa simu usiufute. Mpe mtu wa pili asome. Ukiuza kwa hofu leo, hiyo daftari ya shilingi mia ndiyo itakayokusemea siku ya kuulizwa.

Kwenye mazungumzo ya Nairobi yaliyoongozwa na Kofi Annan, ardhi iliwekwa kwenye ajenda ya nne. Sijui tutangoja mpaka lini, wala sitakuahidi kitu. Familia nyingine haziwezi kungoja kwa sababu mtoto ni mgonjwa leo. Kwa familia hizo, kuuza ekari moja kati ya tatu kwa njia ya halali kunaweza kuwa bora kuliko kuuza zote kwa simu. Kumkodishia mtu msimu mmoja kunaweza kuwa bora kuliko hata hiyo ekari moja.

Neno dogo kwa wanaokwenda Kiryandongo. Ploti utakayopewa kule ni ya kujenga na kulima, haiwi mali yako ya kuuza. Nasikia watu wakisema, "Niuze la Kenya, si nimepewa jingine Uganda?" Hivyo viwili havilingani. La Kenya ni lako na la watoto wako. La Kiryandongo ni la kutumia ukiwa mkimbizi. Ukibadilisha la kwanza kwa la pili, siku ukimbizi unapokwisha utasimama wapi?

Baba wa ekari mbili na nusu, barua yako nimeisoma mara tatu. Usimtukane jirani yako kwa simu. Mwambie hujakataa na hujakubali, na kwamba mambo ya shamba yanapita kwa mke wako, wakili na bodi. Umuulize pia, kwa upole, ni nani analima sasa. Ukimya wake au jibu lake litakuambia mengi. Halafu tafuta mtu akufanyie ile sachi.

Maswali mengine yaandikwe na kutiwa kwenye sanduku letu karibu na hema la usajili. Asiyejua kuandika anione mimi baada ya saa tisa, nitamwandikia, na jina lake halitasomwa hewani. Juma lijalo tutazungumza juu ya vyeti vya shule vilivyoungua na jinsi watahiniwa wanavyoweza kupata vingine.

(Muziki wa kufunga.)